Kamera ya video inagoma kwenye baridi kali: dalili, sababu na cha kufanya

Matatizo ya kamera kwenye baridi kali ni yale yale kila mwaka. Ukiongea na watu wanaorekodi milimani, kwenye theluji, au waliofunga kamera za ulinzi sehemu ambazo usiku unashuka chini ya sifuri, utasikia betri imekufa ghafla, lenzi imejaa ukungu, skrini imekuwa nzito, video imekatika katikati. Kinachoniuma ni kwamba kamera nyingi zinazokufa kipindi hicho haziuliwi na baridi, zinauliwa na mtu aliyekimbilia kuzipasha joto. Kwahiyo kabla hujashuka kwenye dalili yako shika hili kwanza: kamera iache ipoe na ikae na ubaridi wake, betri ndo uzitunze kwenye joto. Mengi ya hapa chini yanatokana na watu kufanya kinyume chake.

Halafu soma kitabu kilichokuja na kamera. Nyingi za kawaida zimeandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 0 mpaka 40 za Selsiasi, chache zinashuka mpaka -10. Haina maana ikifika -1 inakufa, ina maana mtengenezaji hajakuhakikishia chochote chini ya hapo. Watu wanarekodi kwenye -20 na kamera za kawaida kabisa na kazi inaenda, ila ukikaribia -30 au -40 bila maandalizi unajitafutia shida. Na usichanganywe na ile "inahisi kama -35" ya utabiri wa hali ya hewa, hiyo ni ya ngozi ya binadamu. Upepo hauwezi kuifanya kamera iwe baridi kuliko hewa iliyoizunguka, unachofanya ni kuipoza haraka tu.

Kamera inajizima wakati betri ilikuwa imejaa

Hii ndo namba moja, hakuna inayoikaribia. Unatoka ndani betri imejaa, unasimama kwenye theluji unabonyeza kurekodi, dakika chache tu alama ya betri inaruka kutoka vijiti vitatu mpaka kimoja chekundu kinachopepesa, kamera inazima. Unaiwasha tena, nembo inatokea sekunde moja, giza.

Sababu ya kawaida kabisa ni betri kupoa. Betri ya lithiamu inatoa umeme kwa chembechembe zinazosafiri ndani ya kimiminika, baridi ikizidi zinasafiri kwa tabu, sasa kamera ikidai nguvu nyingi kwa mpigo volti zinaporomoka, kamera inadhani betri imeisha inajizima. Chaji bado imo humo humo. Kwenye -20 hivi usishangae betri kukupa nusu ya muda wake wa kawaida au chini ya hapo.

Kuhakikisha ni rahisi. Itoe, iweke mfuko wa ndani kabisa karibu na mwili, subiri dakika 15, irudishe. Ikiamka na asilimia nyingi basi ilikuwa baridi tu, betri yako ni nzima, usiitupe. Ikiamka na asilimia zile zile kidogo, hapo kweli imeisha. Na kama betri moja tu kati ya zako ndo inazima mapema kila mara, hiyo imechoka, baridi imekuonyesha ugonjwa ambao kwenye joto ulikuwa unajificha.

Sababu zinazofuata: umeacha waifai na bluutuu zimewaka, mwanga wa skrini umepandisha juu kabisa, unarekodi 4K kwa fremu nyingi wakati huhitaji. Vyote hivyo vinakula umeme na kwenye baridi hakuna wa kuchezea. Zima usichotumia. Halafu angalia zile sehemu za chuma za betri, zikishika unyevu ukaganda zinakata mgusano, zifute na kitambaa kikavu. Sababu ya mwisho, na ni nadra, ni kamera yenyewe kuwa na hitilafu kwenye sehemu ya umeme, na hiyo utaijua kwa sababu itazima hata ukiwa ndani kwenye joto.

Dawa ya kudumu ni kubeba betri kadhaa na kuzizungusha, moja kwenye kamera, zilizobaki mwilini. Zivalishe vifuniko vyake, maana betri isiyo na kifuniko ikikaa mfuko mmoja na funguo au sarafu inaweza kupiga shoti. Kama unarekodi masaa mengi umesimama sehemu moja, tafuta betri ya bandia, ile yenye umbo la betri ya kawaida lakini inatoka waya, waya unaupitisha ndani ya koti mpaka kwenye pawabenki iliyokaa kifuani. Mi naona hii ndo njia bora kuliko zote kwa mtu wa stendi, pawabenki inakula joto lako bure na kamera inakaa na baridi yake nje.

Zile pakiti za kupasha mikono nazo zinasaidia, ila elewa zinavyofanya kazi: ndani kuna unga wa chuma unaopata joto ukikutana na hewa. Ukiifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa inazima, watu wengi wanalalamika pakiti ni feki kumbe wameinyima hewa. Ifunge kwa mpira upande wa betri, sio karibu na lenzi, na weka kitambaa katikati isigusane moja kwa moja na betri.

Kama kifaa chako kinatumia betri za AA, achana na alkalini kabisa, ndani zina maji na karibu na -20 zinakuwa hazina kazi. Tumia AA za lithiamu zile zisizochajiwa, zimeandikiwa mpaka -40. Kitu kimoja tu: hizo volti zake hazishuki taratibu, kwahiyo kifaa kinaweza kuonyesha betri imejaa mpaka dakika za mwisho halafu kikazima bila kuaga.

ONYO: usichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0. Ukiichaji ikiwa baridi, lithiamu inagandamana kama chuma ndani yake, betri inaharibika moja kwa moja, na inaweza kuja kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka siku nyingine kabisa ukiwa umeshasahau. Iache ifike joto la chumba kwanza, na hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Usiipashe kwenye oveni, maikrowevu, juu ya hita wala kwenye maji ya moto. Na betri iliyovimba, inayonukia kitu kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha, au inayopata moto bila kutumika, acha kuitumia hapo hapo, iweke mbali na vitu vinavyowaka na uipeleke wanapopokea betri mbovu.

Umechomeka pawabenki lakini betri haipandi

Mara nyingi hapa hakuna ubovu wowote. Kamera nyingi na betri zenyewe zina ulinzi unaokataa chaji kwenye baridi. Iwashe kamera, zipo zinazokubali kutumia umeme wa pembeni zikiwa zimewaka huku betri ikiachwa bila kuchajiwa. Kama bado, angalia waya, na angalia pawabenki inatoa nguvu ya kutosha, kamera nyingi za sasa hazitosheki na chaja ndogo ya zamani ya simu. Pawabenki yenyewe nayo ni lithiamu, kama umeiacha juu ya theluji imeshapoa kama kila kitu kingine.

Ukungu na maji kwenye lenzi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo kamera zinafia.

Ukiingia ndani na kamera iliyoganda, hewa ya ndani ina mvuke, mvuke ukigusa kitu baridi unageuka maji juu yake, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho. Sasa shida sio yale maji unayoyaona nje, hayo utafuta. Shida ni kwamba hewa hiyo hiyo inaingia kwenye matundu ya kamera na jasho linatoka ndani, kwenye bodi ya umeme, nyuma ya vioo vya lenzi, juu ya sensa, halafu we unaiwasha uangalie ulichorekodi. Maji na umeme hapo hapo.

Fanya hivi. Ukiwa bado nje kwenye baridi, toa kadi na betri, maana ukisahau utashawishika kufungua mfuko mapema. Iweke kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, weka na pakiti moja ya silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) kama unayo, kamua hewa kwa kiganja mpaka plastiki ilale juu ya kamera, funga. Ndo uingie. Ndani utauona mfuko kwa nje unafanya ukungu mweupe, halafu matone, matone yanateremka, na kamera iko kavu kabisa humo. Hayo matone yote yangekuwa kwenye kamera yako. Iache mbali na hita, masaa 2 mpaka 3, lenzi kubwa zinataka zaidi. Usiufungue mpaka mfuko uwe umekauka kwa nje na ukiushika usisikie ubaridi. Kama huna mfuko, fungia kamera kwenye begi lake zipu zote zikiwa zimefungwa, inasaidia ingawa sio sana.

Kama unaingia na kutoka mara nyingi kwa siku, usiingie nayo. Iache kwenye gari lililopoa au barazani, mradi ni salama, ingia na betri peke yake. Na acha kuificha kamera ndani ya koti kati ya kurekodi na kurekodi, humo kuna jasho lako, unaitia unyevu halafu ukiitoa unyevu unaganda kwenye lenzi.

Ukungu unaotokea ukiwa huko huko nje sababu yake karibu siku zote ni pumzi yako. Unaweka jicho kwenye kamera, unapumua, kioo cha nyuma kinaganda. Pumua pembeni au zuia pumzi sekunde chache unapoangalia. Na usipulize lenzi kwa mdomo kuisafisha kama ulivyozoea, hiyo pumzi inageuka barafu kabla hujatoa kitambaa. Tumia kile kipulizio cha mpira cha kuminya kwa mkono na brashi laini. Makopo ya hewa ya kupuliza yaache, yanaweza kutema kimiminika chake kwenye kioo. Barafu ikishashika kwenye lenzi usiikwangue na kucha wala kadi, utakwangua na ile rangi ya kinga juu ya kioo.

Kuna kisababishi kingine watu hawakifikirii: kile kioo cha kinga kinachofungwa mbele ya lenzi. Unyevu unanasa katikati yake na lenzi, unafuta nje wee ukungu hauondoki. Kifungue uone. Kwa wanaorekodi usiku kucha, hasa wapiga picha za nyota, upo mkanda wa joto unaozungushwa kwenye lenzi na kuendeshwa na pawabenki, weka joto la chini kabisa linalotosha kuzuia umande, ukizidisha utaharibu fokasi.

Na kinyume chake pia kipo: unatoka ndani na kamera yenye joto moja kwa moja kwenye theluji inayodondoka. Theluji inayeyuka juu yake, maji yanaingia kwenye vitufe na matundu ya waya, kamera ikipoa yanaganda, vitufe vinanata. Ipoze kwanza ikiwa kwenye begi lake, dakika 30 hivi, baada ya hapo theluji ikiiangukia inabaki unga mkavu unaoupangusa na brashi.

Kama ukungu umeshaingia ndani ya lenzi au unaona matone nyuma ya kioo: zima, toa betri, toa kadi, usibadilishe lenzi, usipulize na drai ya nywele. Iweke chumba kikavu, au kwenye kontena lililofungwa lenye silika jeli, siku nzima au mbili. Habari ya kuizika kwenye mchele achana nayo, unga wake unaingia kwenye matundu na hakuna cha maana inachokausha. SIMAMA na umpelekee fundi kama ukungu umeacha alama baada ya kukauka, kama kamera iliwashwa ikiwa na maji, au kama inaanza mambo ya ajabu kama kujibonyeza yenyewe.

Skrini imekuwa nyeusi au picha inaburuzika

Skrini za kawaida zina kimiminika ndani, baridi inakifanya kizito, ndo maana ukizungusha kamera picha inaacha mkia. Ikishuka sana skrini inakuwa giza kabisa. Watu wanadhani kamera imekufa wakati iko inarekodi vizuri tu. Angalia taa nyekundu ya kurekodi, angalia kwenye kile kidirisha cha kuweka jicho. Skrini za OLED zinavumilia zaidi. Ikipata joto inarudi yenyewe, usiibonyeze bonyeze wala kuipiga. Fungua zile skrini za kukunja taratibu, plastiki na waya bapa wa ndani vinakuwa vikavu na vinakatika kirahisi. Kugusa kukigoma ni glavu au unyevu, tumia vitufe. Ukiona doa jeusi kama wino linatanuka, hapo kioo kimepasuka ndani, hakuna cha kusubiri.

Video zote hazina ukali, fokasi inakataa

Kwa kuanza jiulize kamera imetoka wapi. Lenzi yenye joto ikitolewa kwenye baridi inatengeneza hewa inayochezacheza mbele yake, na ile kofia ya lenzi ya kuzuia jua inaitunza hewa hiyo isitoke. Unaona picha inatetemeka kidogo kama juu ya lami ya jua kali. Ivue kofia, isubiri lenzi ipoe, nusu saa mpaka saa nzima kwa lenzi kubwa. Kitu kile kile kinatokea ukirekodi kupitia dirisha la gari lililowashwa hita, hewa ya moto yote inatokea pale pale unapopiga. Zima hita, fungua madirisha, subiri, au shuka.

Inayofuata ni fokasi kuhama. Chuma na kioo vinasinyaa vikipoa, kwahiyo ukifokasi ukiwa ndani ukaibana kwa tepu, nje haitakuwa pale tena. Fokasi upya lenzi ikishapoa, kuza picha kwenye skrini ndo uhakikishe, usiiamini ile alama ya mbali iliyochorwa kwenye lenzi. Fokasi ya yenyewe pia inachanganywa na theluji tupu ambayo haina mistari wala kivuli, ielekeze kwenye mti, jiwe, mpaka wa nguo ya mtu.

Kama mota inalia kwa taabu au lenzi inajaribu kusogea halafu inakwama, weka fokasi ya mkono. Grisi imekuwa nzito. Sauti ya kusaga vitu vigumu ni ishara ya kuacha, sio ya kujaribu tena.

Pete za lenzi na stendi vimekaza

Ni grisi hiyo hiyo. Usilazimishe kwa nguvu zote, izungushe taratibu mbele na nyuma. Vichwa vya stendi vyenye mafuta ndani ndo vinateseka zaidi, vinakuwa vigumu au vinakwenda kwa kuruka ruka, punguza ukinzani mpaka chini kabisa, na kama kazi yako yote ni ya baridi chagua kichwa ambacho mtengenezaji amekiandikia nyuzi za chini. Vipo vyenye kuandikiwa -40. Grisi ya baridi ndani ya lenzi ni kazi ya fundi wa lenzi, usifungue lenzi na kupaka mafuta ya dawa ya kupuliza, yatatambaa mpaka kwenye vioo na pazia za mwanga.

Miguu ya chuma ya stendi ivalishe sponji au tepu ya kitambaa. Ngozi tupu ikigusa chuma kilichoganda inanata. Vaa glavu nyembamba ndani na nene juu. Na vidole vikifa ganzi vikawa vyeupe, kamera iache hapo hapo, ingia ndani, hakuna video inayolipa kidole.

Kadi inakataa au faili limekatika

Kadi yenyewe mara nyingi haina kosa, nyingi zimeandikiwa mpaka -25 na hazina kitu kinachozunguka ndani. Kinachotokea ni betri kuporomoka kamera ikiwa inaandika, faili linabaki halijafungwa. Usifomati. Rudisha kadi kwenye kamera ile ile na betri yenye joto, kamera nyingi zikiwashwa zinauliza kama zitengeneze faili, kubali. Ikishindikana acha kuandika chochote juu ya kadi hiyo, kuna programu za kurudisha mafaili na kuna mafundi wa data, kila ukirekodi juu yake unapunguza nafasi ya kuipata.

Ila zile diski ngumu (hard disk) za kuzunguka usizitumie nje, nyingi mwisho wake ni nyuzi 0 au 5. Kwa kuhamishia kazi tumia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na kazi hiyo ifanyie ndani. Hewa ya baridi kali pia ni kavu na umeme tuli unajikusanya kwenye nguo za manyoya na sintetiki, gusa chuma kwanza kabla ya kushika kadi.

Sauti inakwaruza

Kwanza upepo, weka kifuniko cha manyoya kwenye maiki. Pili waya: ganda la plastiki la kawaida likiganda linakuwa gumu, linapitisha kila mkwaruzo wa nguo mpaka kwenye sauti, na ukilikunja linapasuka. Nyaya zenye ganda la silikoni zinabaki laini. Tatu, unyevu ndani ya maiki, hasa ukiiingiza ndani bila mfuko, inatoa milio kama mafuta ya kukaanga. Ikaushe siku nzima kabla ya kuihukumu. Transmita za maiki zisizo na waya zina betri, kwahiyo nazo ziwe ndani ya nguo.

Theluji inatoka ya kijivu au ya bluu

Hii sio baridi wala ubovu. Kamera inajaribu kuifanya theluji iwe ya kijivu, ongeza mwanga kwa stopu 1 mpaka 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili), na mizani ya rangi nyeupe (white balance) iweke kwa mkono. Habari njema ni kwamba sensa yenyewe inapenda baridi, chenga za gizani zinapungua.

Kamera zilizofungwa nje moja kwa moja

Hizi zina tabia zake. Ripoti kubwa ni kamera inayojizima na kuwaka usiku tu. Watu wanabadilisha kamera, kumbe ni umeme. Usiku taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zinawaka, hita ya ndani nayo inawaka, mahitaji yanapanda kwa pamoja. Kama inatumia waya wa mtandao wenye umeme, swichi ya PoE ya kawaida (kifaa kinachogawa mtandao na umeme kwa waya huo huo) inatoa wati 15.4 kwa kila tundu na kamera inahakikishiwa 12.95 tu, wakati PoE+, yenye nguvu zaidi, inatoa 30 na kufikisha 25.5. Kamera yenye hita ikifungwa kwenye swichi ndogo itakuwa nzima mchana na kichaa usiku. Jaribu hivi: ingia kwenye mipangilio, zima infraredi usiku mmoja, kama haijizimi tena umeshajua. Badilisha swichi au weka injekta (kifaa cha kuingiza umeme kwenye waya wa mtandao) yenye nguvu, na waya usizidi mita 100. Kwa zile za adapta ya volti 12, waya mrefu mwembamba unapoteza volti njiani, weka mnene au usogeze adapta karibu. Baada ya hapo ndo ukague viungio, maji yakiingia yakaganda yanasukuma pini.

Umeme ukikatika usiku halafu kamera ikakataa kuwaka, subiri. Zipo zinazojipasha kwanza kabla ya kuwaka na zinaweza kuchukua nusu saa. Zipo pia ambazo zinavumilia -30 zikiwa zimewaka lakini haziwezi kuanzia hapo. Ukishajua yako iko hivyo, suluhisho ni UPS, ile betri ya akiba, kamera isizimike kabisa.

Picha nyeupe pe usiku ni barafu kwenye kioo inayorudisha infraredi. Ifute na kitambaa laini, ongeza kofia ya kuzuia theluji. Usimwage maji ya moto, kioo kinaweza kupasuka na maji yataganda tena. Ukungu ukiwa ndani ya kuba, raba ya kuzibia imechoka, badilisha raba na silika jeli, funga siku yenye hewa kavu.

Rangi ya zambarau mchana, au picha imeganda kwenye nyeusi na nyeupe, ni kile kichujio kidogo cha infraredi kimekwama. Badilisha mchana/usiku kwenye menyu mara kadhaa, mara nyingi kinaachia. Kamera za kuzunguka zikikwama na barafu usizigeuze kwa mkono, utavunja gia, zima ratiba ya kuzunguka mpaka iyeyuke.

Kwa za sola, futa theluji kwenye paneli kabla ya kulaumu chochote. Betri za LiFePO4 (aina nyingine ya lithiamu) nazo hazichajiwi chini ya 0, nyingi zinakata zenyewe, tafuta yenye hita au uifukie kwenye kasha lenye sponji. Betri ya asidi ikiwa imejaa inavumilia mpaka chini ya -50, ila ikiisha chaji inaweza kuganda hata kwenye -10 hivi. ONYO: betri ya asidi iliyoganda usiichaji, inaweza kupasuka.

Na kama marekebisho yanataka upande ngazi yenye barafu au ufungue boksi la umeme wa ukutani, mwite fundi umeme, usiende mwenyewe.

Ukimpelekea fundi

Mpelekee kama kamera inazima hata ikiwa kwenye joto na betri nzuri, kuna harufu ya kuungua, kutu au rangi ya kijani kwenye matundu, au lenzi inasaga. Mwambie ilikuwa nyuzi ngapi, ilikaa nje muda gani, iliingizwa ndani kwenye mfuko au wazi, na betri gani ilikuwemo. Zaidi ya yote mwambie ukweli kama uliiwasha ikiwa na maji, kwa sababu hapo ndo anaamua kama aanze kwa kuikausha na kusafisha bodi au aanze kutafuta kilichoungua.